Ukocha wa biashara katika kairopraktiki

Ukocha wa biashara katika kairopraktiki ni huduma ya mafunzo na ushauri inayotolewa kwa matabibu wa kairopraktiki ili waweze kuanzisha, kuendesha na kukuza kliniki zao. Kocha hafundishi namna ya kutibu mgongo, kwa kuwa kazi hiyo ni ya chuo. Yeye hushughulika na mambo yanayoizunguka tiba: hesabu za fedha, wafanyakazi, mapokezi, miadi, madai ya bima, matangazo, mawasiliano na wagonjwa, na matumizi ya muda wa tabibu mwenyewe.

Huduma hii ilianza na kukua hasa nchini Marekani, ambako kairopraktiki yenyewe ilizaliwa mwaka 1895 na ambako kuna matabibu wa fani hiyo wapatao 70,000. Baadaye ilienea Kanada, Uingereza, Australia na nchi nyingine zenye matabibu hao.

Ukocha huu umewasaidia matabibu wengi kuepuka kufilisika, lakini umezua pia mabishano ya muda mrefu. Swali kuu ni hili: kliniki ikifundishwa kuongeza mapato, je, mgonjwa anapata huduma bora zaidi, au anaitwa kwa matibabu asiyoyahitaji?

## Jina

Neno "kairopraktiki" linatokana na maneno mawili ya Kigiriki: "cheir", yaani mkono, na "praktikos", yaani linalohusu kutenda. Hivyo maana yake ni kazi inayotendwa kwa mkono.

"Kocha" ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na wasemaji wengi wanalifahamu kutokana na mpira wa miguu. Asili yake ya mbali ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichojulikana kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa vyuo vya Uingereza walianza kuliita kwa jina hilo la gari yule mwalimu wa ziada aliyemsaidia mwanafunzi kufaulu mtihani, kana kwamba amembeba hadi mwisho wa safari. Kutoka hapo neno lilihamia michezoni, kisha kazini na katika biashara.

Kocha hutofautiana na mshauri wa kawaida. Mshauri huchunguza tatizo na kuleta jibu. Kocha humuuliza mhusika maswali, humsaidia kupanga hatua zake mwenyewe, na hurudi baada ya muda kuangalia kama hatua hizo zimetekelezwa. Hata hivyo, katika kairopraktiki kazi hizi mbili huchanganyika, kwa sababu makocha wengi ni matabibu wa zamani wanaotoa pia majibu yaliyokwisha tayarishwa.

## Historia

### Mwanzo: familia ya Palmer

Mwanzilishi wa kairopraktiki ni Daniel David Palmer (1845–1913), mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwaka 1895 alimtibu Harvey Lillard, mtu aliyekuwa na tatizo la kusikia, kwa kumsukuma pingili za mgongo. Mwaka 1897 alifungua shule ya kwanza ya fani hiyo.

Mwanawe, Bartlett Joshua Palmer (1882–1961), anayejulikana zaidi kama B. J. Palmer, ndiye aliyeifanya shule hiyo kuwa kubwa. Alikuwa na kipaji cha kutangaza. Shule ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, na mwaka 1922 alinunua kituo cha redio cha WOC, kikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya Marekani. Aliandika hata kitabu kuhusu namna ya kuuza bidhaa kwa njia ya redio. Hivyo tangu siku za mwanzo wanafunzi wa kairopraktiki waliona tiba na matangazo vikienda pamoja.

Kulikuwa na sababu ya jambo hilo. Matabibu hao hawakupokelewa hospitalini, na madaktari hawakuwaletea wagonjwa. Wengi walishtakiwa kwa kosa la kutibu bila leseni ya udaktari, D. D. Palmer mwenyewe alifungwa jela mwaka 1906. Kansas lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kutoa leseni kwa kairopraktiki, mwaka 1913, na Louisiana lilikuwa la mwisho, mwaka 1974. Katika hali hiyo, tabibu asiyejua kujitafutia wagonjwa hakuwa na njia nyingine ya kuishi.

### Semina za Parker

Mtu anayetajwa zaidi katika historia ya mafunzo ya biashara ya kairopraktiki ni James W. Parker, tabibu wa Texas aliyekuwa na kliniki kadhaa. Mwaka 1951 alianza kuwafundisha wenzake mbinu alizozitumia kuendesha kliniki hizo. Semina zake zilidumu siku chache, na zilihudhuriwa na matabibu pamoja na wasaidizi wao wa ofisini. Zilifundisha namna ya kumpokea mgonjwa, kumweleza hali yake, kupanga ada, kutunza kumbukumbu na kuomba kuletewa wagonjwa wengine. Mwaka 1982 chuo chenye jina la Parker kilifunguliwa Texas, na leo ni chuo kikuu kilichopo Dallas.

Semina hizo zilipata pia wapinzani. Mwaka 1969 mwandishi Ralph Lee Smith alitoa kitabu kilichoishambulia kairopraktiki, ambamo alizilaumu mbinu za kibiashara walizofundishwa matabibu. Kabla yake, mwaka 1963, Samuel Homola, aliyekuwa tabibu wa kairopraktiki mwenyewe, aliandika kitabu cha kuwataka wenzake waachane na madai yasiyothibitishwa na kujihusisha na matatizo ya mgongo na viungo tu.

### Baada ya miaka ya 1970

Mabadiliko matatu yaliongeza haja ya msaada wa kibiashara.

La kwanza ni bima. Sheria ya mwaka 1972 iliiingiza kairopraktiki katika Medicare, bima ya serikali ya shirikisho kwa wazee. Malipo ya bima yalileta wagonjwa, lakini pia yalileta fomu, namba maalumu za huduma, ukaguzi na ucheleweshaji wa fedha.

La pili ni sheria. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake walikishtaki Chama cha Madaktari cha Marekani kwa kuwazuia madaktari wasishirikiane na matabibu wa kairopraktiki. Mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani wa biashara, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo. Baada ya hapo ushirikiano na madaktari uliwezekana zaidi, na kliniki zikahitaji kujifunza namna ya kuandikiana nao barua na taarifa.

La tatu ni kukua kwa ukocha kwa jumla. Kitabu cha Timothy Gallwey kuhusu mchezo wa tenisi, kilichotolewa mwaka 1974, kiliwavutia watu wa biashara kwa sababu kilieleza vizuizi vilivyomo akilini mwa mchezaji. Mwaka 1992 John Whitmore wa Uingereza alitoa kitabu kuhusu ukocha kazini, na mwaka 1995 lilianzishwa shirikisho la kimataifa la makocha. Semina za siku chache zikaanza kuongezewa ufuatiliaji wa mwaka mzima kwa simu, na baadaye kwa mikutano ya intaneti.

## Kwa nini matabibu huhitaji msaada

Mwanafunzi wa kairopraktiki nchini Marekani husoma shahada ya fani hiyo kwa kawaida miaka minne, baada ya masomo ya awali ya chuo. Hujifunza anatomia, fiziolojia, picha za eksirei, uchunguzi wa mgonjwa na tiba kwa mikono. Masomo ya biashara yapo, lakini huchukua sehemu ndogo ya ratiba.

Akihitimu na kupata leseni, mara nyingi haendi kuajiriwa katika hospitali kubwa. Wengi huingia katika ofisi ndogo ya mtu mwingine au hufungua ya kwao. Siku hiyohiyo tabibu huwa mwajiri, mhasibu, mpangaji wa jengo na mlipa kodi. Juu ya hayo ana mkopo wa masomo unaoweza kuzidi dola 100,000.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi ni haya:

* Kukodi jengo kubwa na kununua vifaa vya gharama kabla ya kuwa na wagonjwa.
* Kutojua kiasi halisi cha matumizi ya mwezi.
* Madai ya bima kukataliwa kwa sababu ya kumbukumbu zisizokamilika.
* Mgonjwa kutorudi kwa kuwa hakuelezwa tatizo lake wala muda wa matibabu.
* Simu kutopokelewa, au mgonjwa kusubiri muda mrefu mapokezini.
* Tabibu kufanya kila kitu peke yake hadi kuchoka.

Msemo wa Kiswahili unasema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa kliniki changa msemo huo una kweli nusu tu. Tabibu hodari asiyejulikana mtaani atakaa peke yake, na hodari anayejulikana asiyeweza kutunza hesabu atafunga mlango hata kama wagonjwa wake wamepona.

## Namna ukocha unavyofanyika

### Aina

Kuna aina nne kuu. Ya kwanza ni ukocha wa mtu mmoja, ambapo kocha na tabibu huzungumza kwa simu au kwa video kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Ya pili ni ukocha wa kikundi, ambapo matabibu kadhaa kutoka miji tofauti hukutana na kulinganisha takwimu zao. Ya tatu ni semina. Ya nne ni ziara ya kliniki: kocha hukaa ofisini siku moja au mbili, husikiliza jinsi simu zinavyojibiwa na huhesabu dakika mgonjwa anazosubiri.

### Hatua

Makocha wengi hutumia mfumo ulioenezwa na Whitmore, wenye hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na uamuzi wa kutenda. Mfano, tabibu anasema anataka kufanya kazi siku nne kwa wiki badala ya sita. Hilo ndilo lengo. Kocha anamwomba alete kitabu cha miadi cha miezi mitatu, na wanaona kwamba Jumatano na Jumamosi zina wagonjwa wachache. Hiyo ndiyo hali halisi. Wanaorodhesha njia: kufunga siku hizo, kuhamishia miadi jioni, au kuajiri msaidizi. Mwisho tabibu anachagua njia moja na kutaja tarehe ya kuianza. Kikao kinachofuata huanza na swali kuhusu tarehe hiyo.

### Takwimu zinazofuatwa

Kocha hawezi kusaidia bila hesabu. Kliniki huombwa kuandika kila mwezi:

* idadi ya wagonjwa wapya na mahali walikosikia habari za kliniki;
* jumla ya mahudhurio;
* wastani wa mahudhurio kwa kila mgonjwa;
* miadi iliyovunjwa;
* fedha zilizodaiwa na fedha zilizopokelewa;
* gharama zisizobadilika, kama pango, mishahara na rejesho la mkopo.

## Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini unaonyesha namna takwimu hizo zinavyotumika.

Kliniki ina gharama zisizobadilika za dola 15,000 kwa mwezi. Kwa wastani hupokea dola 50 kwa kila hudhurio. Ili isipate hasara inahitaji mahudhurio 15,000 ÷ 50 = 300 kwa mwezi. Kliniki hupata wagonjwa wapya 20 kila mwezi, na kila mmoja huja kwa wastani mara 10 mpaka matibabu yanapokwisha. Hivyo ina mahudhurio 20 × 10 = 200. Pengo ni mahudhurio 100, sawa na dola 5,000 kila mwezi.

Kuna njia tatu za kuziba pengo hilo.

Njia ya kwanza ni kuongeza wagonjwa wapya kutoka 20 hadi 30, kwa kuwa 30 × 10 = 300. Inahitaji matangazo, uhusiano na madaktari wa jirani, na muda.

Njia ya pili ni kuongeza mahudhurio ya kila mgonjwa kutoka 10 hadi 15, kwa kuwa 20 × 15 = 300. Njia hii huonekana rahisi kuliko zote, kwa sababu wagonjwa tayari wamo ofisini na wanamwamini tabibu. Ikiwa wagonjwa walikuwa wakikatisha matibabu kabla ya kupona, ongezeko hilo lina faida kwao. Lakini ikiwa walikuwa wamekwisha pata nafuu, mahudhurio 100 ya ziada ni fedha zilizotoka mifukoni mwao bila sababu ya kitabibu.

Njia ya tatu ni kurekebisha ofisi yenyewe. Tuseme kwamba madai ya bima yakiandikwa vizuri, mapato kwa kila hudhurio hupanda kutoka dola 50 hadi 60. Tuseme pia kwamba kuhamia jengo dogo kunapunguza gharama kutoka dola 15,000 hadi 12,000. Sasa mahudhurio yanayohitajika ni 12,000 ÷ 60 = 200, yaani yaleyale yaliyokuwepo. Pengo limekwisha bila kuongeza mgonjwa hata mmoja na bila kumwongezea yeyote siku ya matibabu.

Mfano huu unaeleza kwa nini aina ya kocha ina uzito kuliko kuwa na kocha tu. Makocha watatu wanaweza kutazama takwimu zilezile na kila mmoja akapendekeza njia tofauti, na njia hizo hazina matokeo sawa kwa mgonjwa.

## Mambo yanayofundishwa

Mapokezi. Karani wa mapokezi hufundishwa kupokea simu mapema, kueleza ada waziwazi, na kumkumbusha mgonjwa miadi yake siku moja kabla. Kumbukusho hilo ni hatua ya gharama ndogo inayopunguza miadi iliyovunjwa.

Maelezo kwa mgonjwa. Tabibu hufundishwa kueleza kwa maneno ya kawaida alichokiona, anachopendekeza, hatari zilizopo, muda unaotarajiwa na siku ambayo hali itapimwa upya. Siku ya kupima upya ina umuhimu wa pekee, kwa sababu ndiyo inayoamua kama matibabu yaendelee, yabadilishwe au yakome.

Kumbukumbu na bima. Medicare hulipia tiba ya mikono ya uti wa mgongo pekee, na hailipii matibabu ya kuendeleza hali ambayo haitarajiwi kuwa bora zaidi. Tabibu anapaswa kuonyesha kwa maandishi kwamba mgonjwa anaendelea kupata nafuu. Kumbukumbu dhaifu huweza kusababisha kliniki kudaiwa irudishe fedha ilizokwisha pokea.

Uhusiano na madaktari. Kocha mzuri huhimiza barua fupi kwa daktari wa mgonjwa, yenye matokeo ya uchunguzi na mpango wa tiba. Mwaka 2017 Chuo cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaopendekeza kuanza na tiba zisizo za dawa kwa maumivu mengi ya mgongo wa chini, na tiba ya mikono ya uti wa mgongo ni mojawapo. Hivyo tabibu anayefuata ushahidi ana jambo la kweli la kumwambia daktari.

Matangazo. Sheria ya mwaka 1996 inayolinda siri za afya, ijulikanayo kama HIPAA, hairuhusu kliniki kutumia habari za mgonjwa katika matangazo bila idhini yake ya maandishi. Hata kumjibu mgonjwa katika mtandao wa kijamii huweza kufichua kwamba alitibiwa hapo.

Wafanyakazi na tabibu mwenyewe. Kocha husaidia kuandika majukumu ya kila mfanyakazi, kupanga mikutano mifupi ya asubuhi, na kumwezesha tabibu kugawa kazi. Kutibu kwa mikono ni kazi ya nguvu, na tabibu asiyepumzika huumia mabega, viganja na mgongo wake mwenyewe.

## Maadili na mipaka ya kisheria

Nchini Marekani tabibu wa kairopraktiki lazima awe na leseni ya jimbo lake, lakini kocha hahitaji leseni yoyote. Mtu anaweza kujiita kocha leo na kuanza kuuza huduma kesho. Kwa hiyo tabibu akifuata ushauri mbaya, anayeitwa mbele ya bodi ya leseni ni yeye, siyo kocha.

Mipaka ifuatayo hutajwa mara nyingi:

* Katika baadhi ya majimbo ni marufuku kugawana ada ya mgonjwa na mtu asiye na leseni. Mkataba unaompa kocha asilimia ya mapato huweza kuvunja sheria hiyo.
* Sheria ya shirikisho inakataza kutoa malipo au zawadi ili kuletewa wagonjwa wa Medicare.
* Kumsamehe kila mgonjwa wa bima sehemu anayopaswa kulipa mwenyewe, bila kuangalia uwezo wake, huweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu.
* Mgonjwa anayelipa mapema kwa matibabu mengi anapaswa kuelezwa namna ya kurudishiwa fedha akiacha.

## Ukosoaji

Lawama kubwa dhidi ya baadhi ya programu za ukocha ni kwamba huwafundisha matabibu kuuza mipango mirefu ya matibabu kwa kutumia hofu. Mgonjwa huonyeshwa picha ya eksirei, huambiwa kwamba mgongo wake unaharibika, kisha huwekewa mkataba wa miezi mingi kabla ya kujulikana kama tiba inamsaidia.

Wataalamu wa ndani ya fani wamekuwa miongoni mwa wakosoaji hao. Mwaka 2017 Chama cha Kairopraktiki cha Marekani kilitoa mapendekezo matano, yakiwemo kutopiga eksirei ya mgongo kwa mtu mwenye maumivu mapya ya mgongo wa chini ya muda usiozidi wiki sita ikiwa hakuna dalili za hatari, na kutorudia picha ili kupima maendeleo tu. Nchini Uingereza, baraza linalosimamia fani hiyo lilitamka mwaka 2010 kwamba dhana ya kale ya pingili zilizohama kuwa chanzo cha magonjwa haina ushahidi wa utafiti wa kitabibu.

Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba tiba ya mikono hupunguza maumivu ya mgongo wa chini kwa kiasi cha wastani, karibu sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa. Haujathibitisha kwamba inatibu pumu, maumivu ya tumbo ya watoto wachanga au magonjwa ya masikio. Aidha, tiba ya shingo imehusishwa na kupasuka kwa mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Jambo hilo ni nadra, lakini ni zito. Kocha anayemshauri tabibu kutangaza tiba kwa magonjwa yasiyo na ushahidi humweka mgonjwa katika hatari ya kuchelewa kumwona daktari anayefaa.

Watetezi wa ukocha hujibu kwamba makosa hayo ni ya baadhi tu, na kwamba kliniki yenye hesabu nzuri hujaribiwa kidogo kuliko ile inayodaiwa pango. Hoja hiyo ina nguvu: tabibu asiyekuwa na wasiwasi wa mkopo huweza kumwambia mgonjwa kwamba amepona na hahitaji kurudi.

## Kuchagua kocha

Maswali yafuatayo husaidia kutenganisha kocha anayefaa na asiyefaa:

1. Je, anaomba kuona hesabu za kliniki kabla ya kutoa ushauri, au ana mpango mmoja kwa wote?
2. Je, anapima nafuu ya wagonjwa, au anapima mapato peke yake?
3. Je, mkataba ni wa muda gani, na unaweza kuvunjwa vipi?
4. Je, malipo yake ni kiasi maalumu au ni asilimia ya mapato?
5. Je, maneno anayomfundisha tabibu kumwambia mgonjwa yanaweza kusemwa mbele ya bodi ya leseni bila aibu?
6. Je, yuko tayari kumwonyesha matabibu walioacha programu yake, si waliofanikiwa tu?

Hakuna kocha anayeweza kuahidi kiasi fulani cha mapato, kwa kuwa mapato hutegemea mji, ushindani, bima za eneo na bidii ya tabibu. Ahadi ya namna hiyo ni dalili ya kutahadhari.

## Barani Afrika

Nchi ya Afrika yenye mafunzo ya kairopraktiki yaliyokomaa ni Afrika Kusini, ambako fani hii hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg, na leseni hutolewa na baraza la fani shirikishi za afya. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya mafunzo ya msingi na usalama katika kairopraktiki, ambayo inataka kwa mafunzo kamili saa zisizopungua 4,200 za masomo, zikiwemo saa 1,000 za mazoezi ya kliniki chini ya usimamizi.

Katika Afrika Mashariki matabibu wa kairopraktiki ni wachache na hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Wananchi wengi wenye maumivu ya mgongo huenda kwa wataalamu wa fiziotherapia hospitalini, au kwa wakandaji na waunga mifupa wa jadi. Hao wana ujuzi na historia yao, na hawapaswi kuchanganywa na matabibu wa kairopraktiki.

Mambo ya kibiashara yaliyoelezwa hapo juu, hata hivyo, hayahusu fani moja tu. Daktari wa meno, mtaalamu wa fiziotherapia au mkunga anayefungua kliniki binafsi hukutana na hesabu ileile ya pango, mishahara na wagonjwa wapya. Naye pia hulazimika kuamua kama pengo la fedha ataliziba kwa kuirekebisha ofisi yake au kwa kumrudisha mgonjwa ambaye amekwisha pona.